Mzee Akifariki Hospitalini kwa Ghafla: Tuulize Nini, na Tumwulize Nani?

Safari hii hatuzungumzi juu ya mbolea wala ng'ombe wa maziwa. Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo karibu kila kikundi kimelipitia, lakini kwenye mkutano halitajwi ila kwa kunong'ona. Mzazi mzee anapelekwa hospitali akiwa anaongea. Watu wanamwachia uji, wanarudi nyumbani wakipanga siku ya kumchukua. Kisha simu inapigwa kwamba ameaga. Tunalia, tunachanga, tunazika. Lakini swali linabaki pale kaburini: je, alitibiwa vizuri?

Swali hili liliingia mpaka hapa ofisini kwetu. Mwenzetu mmoja tunayeandaa naye gazeti hili alifiwa na mama yake kwa njia hiyo hiyo. Ametukubalia tueleze yaliyotokea, mradi tusitaje jina lake, wala kijiji, wala hospitali. Tumekubali, kwa sababu nia yetu si kumshtaki mtu katika karatasi. Nia yetu ni kwamba mwingine akipatwa na haya, asizunguke gizani kama tulivyozunguka sisi.

Yaliyompata mwenzetu

Mama alikuwa na miaka 76. Alikuwa na presha na sukari kidogo, lakini shamba alikuwa akienda kila siku. Asubuhi moja ya mvua, akitoka kuchuna majani chai, aliteleza kwenye mteremko akaanguka. Jirani, mama mjane wa makamo, ndiye aliyesikia akiita, akamwinua na kupiga kelele watu waje. Kumbe nyonga ilikuwa imevunjika. Alibebwa mpaka barabarani, akaingizwa kwenye gari la mtu, akafika hospitali akiwa na maumivu makali lakini akili timamu, mpaka akakumbusha watu kwamba ndama hajapewa maji.

Hospitalini walipiga picha, wakaeleza kwamba lazima apasuliwe na kuwekewa chuma. Familia ikaanza kutafuta pesa. Siku zikapita: moja, mbili, mpaka sita. Mwenzetu alikaa naye kila mchana, na dada yake alileta chakula asubuhi na jioni. Siku ya saba asubuhi mama alikunywa uji, akauliza habari za nyumbani. Kama saa tatu hivi akasema hawezi kuvuta pumzi. Sista alikuja mbio, oksijeni ikaletwa, lakini haikuchukua hata dakika 20.

Dada yake mwenzetu alipofika na chupa ya chai alikuta kitanda kimezungushiwa pazia. Akaanza kulia, "Baba! Baba!" Sisi tunajua kwamba katika Ekegusii mama ndiye huitwa baba, na baba ni tata. Lakini mfanyakazi mmoja aliyetoka mbali akamwambia kwa upole kwamba wodi ya wanaume iko upande ule mwingine. Hata leo mwenzetu akifika hapo katika kusimulia, hucheka na kulia kwa pamoja.

Walipouliza amekufa kwa nini, jibu lilikuwa fupi: "Poleni sana. Alikuwa mzee." Basi. Na sisi tunasema, hapo ndipo taabu ilipoanza. Mzee ni mzee, ndiyo, lakini uzee si ugonjwa unaoua mtu kati ya kikombe cha uji na saa tatu asubuhi.

Kabla jua halijatua kulikuwa na mashtaka matatu tayari. Ndugu aliye Nairobi alisema kwenye simu kwamba hospitali imemuua mama na lazima iende mahakamani. Dada alijishtaki mwenyewe, ati angelala pale usiku ule mama asingekufa. Na huko kijijini watu walianza kuulizana pole pole: kwani nani aliyekuwa naye kule kwenye chai? Nani aliyemshika wa kwanza?

Swali lisilojibiwa hutafuta mtu

Hilo la tatu ndilo lililotutisha zaidi, na ndilo lililotufanya tuandike. Sisi wa Kisii na Nyamira tunajua neno la kunong'ona linaweza kufika wapi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 watu wengi katika sehemu zetu walichomwa ndani ya nyumba zao kwa kuitwa abarogi. Mei 2008 watu 11 waliuawa kwa moto katika Kisii kwa usiku mmoja, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee kabisa. Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa huko Marani kwa tuhuma hizo hizo. Mara nyingi tuhuma kama hizo huanza pale mtu anapougua au kufa, na hakuna anayeeleza vizuri ni kwa nini.

Hatusemi kwamba kila msiba huzaa mauaji, la. Lakini tumeona kwamba pale ambapo daktari hasemi, jirani husemewa. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Uchawi ya Kenya, ambayo ni ya tangu mwaka 1925, inafanya ni kosa kumwita mtu mchawi au kumtisha kwamba utamwita hivyo. Mwenyekiti wa kikundi anaposikia maneno kama hayo kwenye matanga, anyamazishe, na ikizidi ampashe habari chifu msaidizi mapema, siyo kesho.

Familia ya mwenzetu ilifanya hivyo. Mzee mmoja wa ukoo alisimama jioni ya pili akasema hivi kwa ufupi: hapa hakuna mtu atakayetajwa mpaka tujue mama alikufa na nini. Maneno hayo yalitulia watu kwa siku chache. Siku chache tu, lakini zilitosha.

Kwa nini mzee hufa ghafla

Wacha tueleze kidogo juu ya mwili wa mzee, maana tukijua hili mashaka mengine hupungua, na mengine huongezeka kwa haki.

Mzee hauguzwi kama kijana. Kijana akiwa na kichomi atatetemeka kwa homa na kukohoa. Mzee anaweza kuwa nacho bila homa, amekuwa tu msahaulifu na hataki kula. Mtu mwenye sukari kwa miaka mingi anaweza kupatwa na ugonjwa wa moyo bila kusikia maumivu ya kifua, akasema tu amechoka au tumbo linamsumbua. Tena huyo huyo akichomwa sindano ya sukari halafu asile, sukari hushuka sana katika damu, na hiyo inaua haraka kuliko sukari kupanda. Figo za mzee ni dhaifu, kwa hiyo dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu dawa za miti shamba zinazoingizwa wodini kwa siri chini ya kanga ni hatari. Tunajua zinaingizwa, tusidanganyane.

Mfupa wa nyonga nao ni habari nyingine. Hata katika nchi tajiri zenye kila kifaa, katika wazee watano waliovunjika nyonga, kama mmoja hivi hufariki kabla mwaka haujaisha. Sababu kubwa ni kulala. Mtu akilala siku nyingi bila kusogea, damu ya miguuni huenda pole pole na inaweza kuganda, kama maziwa yanavyoganda kwenye kibuyu. Bonge hilo likikatika husafiri mpaka kwenye mapafu na kuziba njia. Hapo mtu anayeongea anaweza kukata roho kwa dakika chache. Dalili yake mara nyingine ni mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Lakini mara nyingine hakuna dalili yoyote. Kuna sindano ya kupunguza kuganda kwa damu, na kuna mazoezi ya kukunja vidole na kusogeza ule mguu mzima, na kupasuliwa mapema kunasaidia sana ili mgonjwa aketi na asimame.

Basi, kuna tofauti ya mambo matatu. Kuna kifo ambacho kingetokea hata kama kila mtu alifanya kazi yake. Kuna kosa: mtu mwema amechoka, amesahau, dawa imekwisha. Na kuna uzembe, ambapo mtu alijua la kufanya, alikuwa na uwezo wa kulifanya, akaacha. Mfiwa hawezi kujua ni lipi katika hayo kwa kulia tu au kwa kukasirika. Inabidi aulize.

Maiti ichunguzwe au isichunguzwe?

Hapa ndipo familia nyingi hugawanyika. Dada wa mwenzetu alikataa kabisa. "Mama ameteseka vya kutosha, asikatwe." Wazee wengine walimwunga mkono. Tunaliheshimu neno hilo, tena hatutaki mtu yeyote aone haya kwa kukataa. Lakini watu waamue wakiwa wanajua.

Upasuaji wa maiti hufanywa na daktari, kwa vizuri zaidi yule aliyesomea kazi hiyo. Mwili hushonwa tena, huoshwa, huvalishwa nguo, na watu wanaweza kuutazama kwenye jeneza bila kuona kitu. Familia ikiomba mwenyewe, inaweza kutuma mtu wake au daktari wake ashuhudie. Ulizeni gharama kabla, maana hutofautiana mahali na mahali. Pale ambapo kifo kina mashaka ya kijinai, polisi wanaweza kuagiza ufanywe bila kungoja ninyi kuomba.

Jambo la muhimu ni wakati. Dawa ya kuhifadhi maiti ikishaingizwa mwilini inaharibu baadhi ya vipimo, hasa vya sumu. Kwa hiyo mkiwa na mashaka, mwambieni msimamizi wa mochari siku ile ile, kabla hajaanza kazi yake, na mwandikie hospitali barua hata kama ni ya mistari mitatu. Mkishazika, kufukua kunahitaji amri ya mahakama, na hakuna familia inayotaka kuona hilo uani.

Familia ya mwenzetu iliketi usiku mzima. Aliyelegeza mambo hakuwa msomi. Alikuwa mzee wao, mume wa marehemu, ambaye husikia kwa shida na hakuwa amesema neno siku mbili. Akasema: "Yule mama alimwinua mke wangu kwenye matope. Kama mtamsema, mniambie kwanza alimfanya nini." Asubuhi barua ikaandikwa.

Daktari alikuta bonge la damu kwenye mapafu yote mawili, na lingine kwenye mguu wa kushoto, ule uliovunjika. Hakukuta kitu kingine. Matokeo yalisomwa mbele ya wazee wa ukoo kabla ya mazishi, kwa Ekegusii, na kijana mmoja aliyesoma aliyaeleza tena kwa wale waliokuwa nyuma. Maneno juu ya jirani yalikwisha siku hiyo. Mama akazikwa upande wa kushoto wa nyumba yake kama ilivyo desturi.

Kuuliza hospitali

Lakini swali la hospitali halikuwa limekwisha, bali lilikuwa limepata miguu. Kama ni damu iliyoganda, je, alipewa ile sindano?

Hapa tunawaomba mtuvumilie, maana kuna sheria kidogo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 35 kinatoa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo kwa mtu mwingine kama unazihitaji ili kulinda haki yako. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Ikikataa, mnaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa, tena ana haki ya kulalamika na malalamiko yake yachunguzwe.

Kwa hiyo kuuliza si utundu. Anzeni karibu: sista msimamizi wa wodi, kisha daktari aliyemtibu, kisha msimamizi mkuu wa hospitali. Nendeni watu wawili au watatu, si gari zima. Mmoja aulize, mmoja aandike. Muwe na kitambulisho, karatasi ya kulazwa, risiti zote, na barua inayosema ninyi ni nani kwa marehemu. Maswali yawe ya wazi: Alipofika alipimwa nini? Dawa zipi ziliandikwa, na zipi zilitolewa kweli? Daktari alimwona siku gani? Ile siku ya mwisho nani aliitwa, na alifika saa ngapi? Ombeni faili isomwe mbele yenu na mpewe muhtasari ulioandikwa. Tunasema mambo mawili yale, dawa iliyoandikwa na dawa iliyotolewa, kwa sababu mara nyingi ukweli uko katikati yao.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa, wakaitwa. Daktari alikuwa kijana, akafungua faili, akakaa kimya kidogo. Sindano ya kuzuia damu kuganda ilikuwa imeandikwa siku ya kwanza. Kwenye karatasi ya dawa ilionekana imetolewa siku ya nne, ya tano na ya sita. Siku tatu za kwanza paliandikwa kwamba haipo. Dawa ilikuwa imekwisha hospitalini, na hakuna aliyeiambia familia inunue nje. Walikuwa wakinunua glavu na dripu kila siku. Sindano hiyo wangeinunua pia.

Je, siku zile tatu ndizo zilizomuua? Daktari alisema hawezi kuapa. Hata mgonjwa anayepewa sindano tangu siku ya kwanza anaweza kupata bonge, ingawa hatari hupungua. Lakini alisema, "Mlipaswa kuambiwa. Tumekosea, na ninaomba msamaha." Mwenzetu anasema maneno hayo yalikuwa machungu na yalikuwa kama maji pia. Hospitali baadaye iliwaandikia kwamba imeagiza kila dawa inayokosekana iandikwe kwenye karatasi ya kupewa jamaa wa mgonjwa siku hiyo hiyo.

Wengine wangeendelea mbele, na wana haki. Malalamiko juu ya daktari au juu ya hospitali yenyewe hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo mpaka mwaka 2019 liliitwa Bodi. Wauguzi wana Baraza lao, na matabibu wa kliniki wana lao pia. Hospitali za serikali katika sehemu zetu ziko chini ya kaunti tangu mwaka 2013, kwa hiyo idara ya afya ya kaunti nayo ipewe nakala. Kama mnafikiria mahakama, mwoneni wakili mapema. Kwa kawaida madai kama haya yana miaka 3, lakini kesi dhidi ya serikali sheria inaipa miezi 12 tu, na miezi 12 huisha watu wakiwa bado wanalipa deni la jeneza. Ndugu wa Nairobi bado anataka kesi. Dada hataki. Hawajakubaliana hadi leo, nasi hatukuona kazi yetu ni kuwaamulia.

Neno moja juu ya bili. Pesa zikikosekana, mwombeni afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, tena ulizeni bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipa nini. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema mwili wa marehemu si mali ya kushikwa kama dhamana ya deni. Deni hubaki ni deni, lakini mwili si ng'ombe wa kufungwa kwa mnada. Na karatasi ya hospitali ya kuarifu kifo isomwe kabla ya kuchukua kibali cha mazishi. Sababu ya kifo ikiwa imeandikwa vibaya, semeni hapo hapo, maana cheti cha kifo kitaifuata.

Tuwe wa haki kwa wauguzi pia. Tumeingia wodi usiku tukakuta sista mmoja na vitanda vimejaa, vingine vimelaliwa na watu wawili. Mgomo wa madaktari wa Desemba 2016 mpaka Machi 2017 ulichukua siku 100, na wa wauguzi mwaka huo huo ulichukua miezi mitano. Wazee waliokufa nyakati zile hawakupata hata wa kumwuliza. Sista huyo mmoja si adui yako. Lakini uchovu wake haumfanyi mfiwa akose haki ya jibu.

Chini ya blanketi

Kuna jambo lingine ambalo mwenzetu alilisema mwishoni, tena kwa shida. Alikaa na mama yake mchana sita. Ule mguu ulikuwa umevimba, labda tangu siku ya nne au ya tano, lakini hakuuona. Blanketi lilikuwa juu yake. Ninyi mnaelewa kwa nini. Heshima zetu za chinsoni hazimruhusu mtoto wa kiume kufunua miguu ya mama yake, na mama mwenyewe asingekubali. Dada aliyeweza kuangalia alikuja haraka na chakula akaondoka kuwahi matatu. Hakuna aliyekosa adabu, na hakuna aliyeona.

Hatusemi tuache chinsoni. Tunasema kikundi kinaweza kuziba pengo hilo. Mzee wa kike akilazwa, atafutwe mwanamke wa rika linalofaa, mkaza mwana wa jirani au rafiki yake wa zamani, wa kukaa naye saa moja kila siku, amgeuze, amwoshe, atazame miguu na mgongo, kisha amwambie sista alichokiona. Mzee wa kiume vivyo hivyo. Zamani tulikuwa na risaga, watu wakaitana kulima shamba la mmoja. Kitanda cha hospitali nacho ni shamba la namna hiyo. Aliye pale awe na daftari dogo: dawa alizokuwa akinywa nyumbani, presha yake, sukari yake, dawa za leo zilizotolewa, na zilizokosekana. Tena kama mzee anasema Ekegusii peke yake, awepo wa kumtafsiria daktari anapopita asubuhi.

Baada ya watu kwenda

Wakati wa matanga hakuna anayekosa kampani. Taabu ni wiki ya tatu, hema limeondolewa, sufuria zimerudishwa kwa wenyewe, na kuku wa mwisho amechinjwa. Hapo ndipo mfiwa huanza kuhesabu: ningempeleka hospitali nyingine, ningeuza ile ng'ombe mapema, ningelala pale. Dada wa mwenzetu alihesabu hivyo kwa miezi mingi. Tulimwambia siyo kosa lake, na haikusaidia. Kilichosaidia kidogo ni kukaa naye na karatasi ya hospitali, tarehe kwa tarehe, mpaka akaona kwamba usiku ule aliokwenda nyumbani, bonge huenda lilikuwa tayari mguuni. Hata hivyo huo mzigo haukuisha kwa siku moja, nasi hatuwezi kudanganya kwamba umekwisha.

Kikundi kimtembelee mfiwa baada ya mwezi, na tena mwaka ukikaribia kutimia. Msiende na hotuba. Nendeni na jembe au na kikapu cha kuchunia chai. Mwacheni amtaje marehemu, hata kama ni hadithi ile ile kwa mara ya kumi. Mtazameni hasa yule mzee aliyebaki peke yake, maana huyo ndiye anayesahauliwa watoto wakigombania kesi. Akiwa halali usiku kwa wiki nyingi, hali chakula, amepunguza mwili, au anasema afadhali amfuate mwenzake, hayo si maneno ya kupita. Mpelekeni kituo cha afya, na asiachwe peke yake siku hizo.

Baba yake mwenzetu alikaa mlangoni miezi miwili akitazama ile njia ya kwenda kwenye chai. Yule jirani hakuja kwenye mazishi. Aliogopa, na nani atamlaumu. Alikuja majuma matatu baadaye na mkungu wa ndizi kichwani, akaketi kwenye kiti kidogo karibu na mzee, wakakaa tu. Siku hizi ndama ni ng'ombe mkubwa, na huyo mama ndiye anayemkamulia mzee asubuhi.

Kikundi kinachotaka nakala ya ile barua ya mistari mitatu ya kuandikia hospitali, kimtume katibu wake aje ofisini na karatasi. Tutamwandikia hapa hapa.